Saa ya Mzee Ndiyo

Kwanza niseme ukweli wangu: sifuri ya kwanza niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwa wino wa bluu. Sitaki mtu aje kudhani nilikuwa mjanja tangu mwanzo.

Hospitali yetu si ya watu wa dharura. Kwetu huletwa wale ambao hatari imeshawapita na kazi ndiyo kwanza inaanza: aliyepigwa na kiharusi, aliyewekewa nyonga mpya, bibi aliyeteleza bafuni na tangu siku hiyo anaiogopa sakafu. Wengi ni wazee. Wanakaa wiki sita, wengine nane, wakijifunza upya kusimama, kumeza, kushika kijiko. Chumba cha mazoezi ya viungo kina vyuma viwili vya kushikilia na ngazi ya mbao yenye vipandio vinne. Unapandia huku, unashukia kule, na hujafika popote. Chumba kinachofuata ni changu. Kina jiko la gesi, sinki, kitanda cha kawaida kama cha nyumbani, na ubao mkubwa niliougongomelea makufuli, swichi, bomba, zipu na vifungo vya kila namna. Mgonjwa haruhusiwi kurudi kuishi peke yake mpaka mimi niseme anaweza kujipikia chai bila kuiteketeza nyumba.

Wahudumu wa wodini wananiita Bi Kwanini. Hawanisingizii. Nikimwona bibi anavaa kiatu cha kushoto kwanza, nitamuuliza kwa nini, na akinijibu nitamwongezea swali la pili. Mama yangu alikuwa akisema nilichelewa kutembea kwa sababu nilikuwa bado naihoji sakafu.

Mzee niliyempa sifuri hiyo aliletwa siku ya Jumatatu, kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti safi lililofungwa vifungo vyote. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono na mguu wa kulia, kikamchukulia na maneno. Lilibaki neno moja tu.

"Mzee, umelala vizuri?" mhudumu alimuuliza asubuhi ya pili.

"Ndiyo."

"Au hukulala kabisa?"

"Ndiyo."

"Nikuletee chai?"

"Ndiyo."

"Si umeshakunywa sasa hivi?"

"Ndiyo."

Kabla ya saa sita mchana wodi nzima ilikuwa inamwita Mzee Ndiyo. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa anamtazama kila anayesema naye kwa makini, macho makavu, kama mtu anayengoja uishe mzaha wako ili mwendelee na mambo ya maana.

Sasa, daktari wetu wa wazee, mama mmoja wa miwani asiye na papara, ana kipimo chake. Kila anayeingia hupewa karatasi yenye duara tupu. Tunamwambia: hii ni saa, jaza namba zake, kisha chora mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Ukikitazama utadhani ni mchezo wa chekechea, lakini kinafichua mengi. Mtu ambaye akili imeanza kumponyoka hurundika namba zote upande mmoja, au hufika mpaka kumi na tisa, au huchora mishale sita. Na kwa mgonjwa asiyeweza kujieleza, karatasi hiyo ndiyo inayomsemea.

Kumpa kipimo ni kazi yangu. Mzee alishika penseli kwa mkono wa kushoto, akainama, akachukua muda wake. Alipomaliza nikaitazama karatasi. Moja ilikuwa kushoto kwa kumi na mbili, pale inapokaa kumi na moja. Mbili ikafuata chini yake, kisha tatu, na kuendelea hivyo hivyo, kinyumenyume, kuzunguka duara zima. Namba zenyewe zilikuwa zimegeuka. Tatu na saba zilitazama upande usio wao. Mishale nayo ilikuwa imebadilishana pande. Na chini, kati ya saba na nane, aliweka kitone kimoja kidogo cheusi ambacho hakuna mtu aliyemwomba.

"Umemaliza, Mzee?"

"Ndiyo."

Nikaandika sifuri. Daktari alipoiona alitikisa kichwa taratibu. "Ubongo umemgeuzia dunia," alisema. "Hatuwezi kumrudisha kuishi peke yake huyu."

Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa jambo lenyewe. Mzee alikuwa anaishi peke yake katika chumba cha kupanga, nyuma ya soko kuu, na mke wake alikuwa ameshafariki. Binti yake, mtoto pekee, ni mwalimu katika mji mwingine. Kila mgonjwa akikaribia kumaliza muda wake tunakaa kikao siku ya Ijumaa, sisi na familia, tunaamua anakwenda wapi. Binti alikuwa ameshapata nafasi kwenye kituo cha kulelea wazee, safari ya saa nne kutoka hapa, na chumba kingerudishwa kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Kilichokuwa kinasubiriwa ni neno letu tu.

Binti alikuwa anakuja kila Jumamosi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya darasani na mkoba mapajani, na alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyepita tu.

"Dada, mimi sina ubaya naye," aliniambia siku moja kwenye korido. "Lakini baba hakuwa mtu wa nyumbani. Mama alikuwa anauza sokoni mpaka jioni, na mimi nikitoka shule nilikuwa nakaa kibarazani peke yangu mpaka giza, namngoja baba. Yeye na kazi, kazi na yeye. Na cha kuudhi, akirudi alikuwa anajua kila kitu! Nani nimempiga, nani kanipiga, kama nimetupa daftari nikaenda kucheza. Ananikalisha chini, ananisomea mashitaka yote."

"Kwa nini? Nani alikuwa anamwambia?"

"Jirani yetu. Mlango wake ulitazamana na wetu. Mimi na mama tulimpa jina, Mama Redio. Yule mama nilimnunia tangu nina miaka minane mpaka anaingia kaburini. Msiba wake ulipotokea niliambiwa, nikasema nina mitihani ya kusahihisha." Akafunga zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga tena. "Sikuwa na mitihani yoyote."

Kwenye fomu yake, palipoandikwa Kazi ya Mgonjwa, alikuwa ameandika "Fundi". Na mimi, Bi Kwanini mzima, sikuuliza fundi wa nini. Viganja vya mzee vilikuwa vigumu, na koti lake lilinukia mafuta kidogo. Nikajijazia mwenyewe kwamba ni seremala, nikaendelea na kazi.

Wiki ya tatu nikampa karatasi ya pili. Akachora vile vile. Nikaandika sifuri ya pili, lakini safari hii kalamu ilikuwa nzito. Nilikuwa nimemwangalia anavyofanya. Hakuanza na moja akaburuza mpaka mwisho. Alianza na kumi na mbili, akaweka sita, akaweka tatu na tisa, kisha akajaza katikati. Mtu aliyechanganyikiwa hapangi namna ile. Nikachukua rula nikapima nafasi kati ya namba na namba, zikawa karibu sawa zote. Nikapima kile kitone kwenye karatasi zote mbili. Kilikuwa pale pale.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Ndiyo."

"Ni uchafu? Niufute?" Nikashika kifutio, nikakisogeza karibu.

"Ndiyo," akasema, na papo hapo mkono wake wa kushoto ukaifunika karatasi.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Mdomo unasema ndiyo, mkono unasema usithubutu. Nani kati yao nimwamini?

Mwisho wa wiki hiyo ulikuwa zamu yake jikoni. Nisieleze yote, lakini alipika chai kwa mkono mmoja vizuri kuliko ndugu zangu wenye mikono miwili. Chupa ya sukari aliibana mapajani akafungua kifuniko. Kiberiti alikilaza, akakigandamiza kwa kiwiko cha mkono uliolala, akakiwasha. Maji yalipochemka akazima gesi kwanza, ndipo akashika sufuria. Mwenye kosa nilikuwa mimi, niliyesimama karibu mno na faili lake mkononi. Nilirudi nyuma, nikagonga kikombe, chai ikamwagika juu ya michoro.

Nikakimbilia dirishani, nikazibandika karatasi kwenye kioo zikauke. Nje, upande wa pili wa kioo, mwenzangu wa mazoezi ya viungo alikuwa anaanika taulo. Ni kijana mrefu anayependa kunichokoza.

"Ehee!" akapaza sauti. "Leo umepata mwanafunzi! Saa tano na dakika kumi, mishale mahali pake, namba zimenyooka. Nani huyo kachora?"

Nikadhani ananitania. "Acha masihara yako. Huioni imegeuka?"

"Imegeuka wapi? Njoo utazame mwenyewe."

Nikatoka nje mbio, nikamwacha mzee na chai yake. Nikasimama alipokuwa amesimama. Karatasi ilikuwa imelowa na mwanga wa chumbani unapita, na kutoka upande ule, kwa nyuma, ilikuwa saa. Si saa ya kubahatisha. Ilikuwa saa safi kabisa, namba zote kumi na mbili zimesimama sawa, ikionyesha saa tano na dakika kumi.

"Anatumia mkono wa kushoto, siyo?" mwenzangu alisema. "Hilo linajulikana. Aliyezoea kulia akilazimika kutumia kushoto, wakati mwingine anaandika vitu kinyume. Nimewaona."

Jibu lilikuwa zuri, na nusu saa nzima niliridhika nalo. Kisha nikarudi kwa mzee na karatasi nyeupe. Mzee, nichoree baiskeli. Akachora, tena akaweka mnyororo upande wa kulia wa baiskeli, unapokaa kweli. Nichoree mkono wako huu. Akachora, kidole gumba mahali pake. Niandikie moja mpaka kumi na mbili kwa mstari. Akaandika, tatu ikatazama inakotazama tatu, saba ikatazama inakotazama saba. Kwa mkono ule ule wa kushoto.

Nikampa duara tupu. "Saa," nikasema.

Saa ikatoka imegeuka, na kitone chake.

Kwa hiyo haikuwa mkono. Wala haikuwa ubongo uliogeuza dunia, maana dunia nzima ilikuwa mahali pake isipokuwa saa. Kwa nini saa tu? Nilikula na swali hilo, nikaoga nalo. Mume wangu aliniomba angalau nisilipandishe kitandani.

Jumatano kabla ya kikao ilikuwa siku ya ziara ya nyumbani. Hiyo ni kazi yetu ya kawaida: tunakwenda na futi na fomu, tunapima kizingiti, upana wa mlango, urefu wa kitanda, umbali wa kufika chooni. Binti alikuwa ameomba ruhusa kazini, akanifungulia mlango. Nadhani alikuja zaidi kwa ajili ya kufungasha vitu.

Kilikuwa chumba kimoja cha chini, kisicho na ngazi, na kizingiti cha sentimita kumi na mbili. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Vyombo vilikuwa vimepangwa kwa ukubwa. Nikaandika vipimo vyangu, yote yanawezekana: hapa tutaweka chuma cha kushikilia, pale tutainua kiti. Ndipo nikaona, kwenye msumari nyuma ya mlango, mpini mkubwa wa chuma uliopinda, umefutwa mafuta na kuviringishiwa kitambaa.

"Hiki ni cha nini?"

"Hicho?" Binti alicheka bila furaha. "Huyo ndiye mke mwenza wa marehemu mama yangu. Ni cha kuzungushia saa ya soko."

"Saa gani?"

Alinitoa mpaka kibarazani, akanyoosha kidole. Juu ya mapaa ya mabati ya soko ulisimama mnara, na kwenye mnara uso mweupe wa saa, mkubwa kuliko mlango. Ilikuwa imesimama saa mbili kasoro. Nimepita sokoni mara ngapi nikanunua nyanya, na sikujua kama ile saa ina mtu.

"Miaka arobaini na moja," binti alisema. "Kuitia mafuta, kuizungusha, kuisikiliza. Hata alipostaafu aliendelea, hakuna aliyemwambia aache. Mimi nilikuwa nakaa hapa, hapa hapa, naitazama nikihesabu atashuka lini. Nilikuwa naichukia kuliko Mama Redio."

"Lakini kwenye fomu umeandika fundi!"

"Sasa mtu kama huyo ungemwandika nini, Dada?"

Nikautazama tena mnara. "Wewe umewahi kupanda?"

"Alikuwa hataki. Alisema kule si mahali pa watoto."

"Wewe bado mtoto?"

Akanitazama. Kisha akauchukua ule mpini msumarini, sijui kwa nini; labda alihisi kupanda mikono mitupu ni utovu wa adabu.

Msimamizi wa soko alitufungulia mlango wa mnara, akatuambia tuangalie vichwa. Nilihesabu vipandio, maana ndiyo mazoea ya kazi: hamsini na tatu. Nikajua papo hapo kwamba mzee hatavipanda tena, nikasikitika. Juu kulikuwa na chumba kidogo, mashine ya magurudumu ya shaba imekaa katikati kimya, na mbele ya stuli moja ya mbao, ukuta mzima wa mwanga.

Ulikuwa uso wa saa. Kioo kimepakwa rangi nyeupe kwa ndani, na jua lilikuwa linakipiga kwa nje, kwa hiyo namba nyeusi zilizochorwa upande wa mtaani zilionekana vizuri kabisa. Moja ilikuwa kushoto kwa kumi na mbili. Mbili chini yake. Tatu na saba zilitazama upande usio wao.

Nilipiga kelele. Sioni haya kusema hivyo. Nilipiga kelele mpaka njiwa wakaruka. Mzee hakuwa amekosea chochote! Tulimwambia achore saa, akachora saa, ile aliyoijua, kutoka mahali alipokaa miaka arobaini na moja. Sisi wengine wote duniani ndio tunaoitazama kwa nje.

Nikageuka nimwambie binti, nikamkuta amepiga magoti karibu na ile stuli. Alikuwa anatazama chini, upande wa kulia wa uso wa saa, kati ya saba na nane. Pale rangi nyeupe ilikuwa imekwanguliwa, tundu dogo la duara, ukubwa wa kifungo cha koti, kingo zake zimelainika kwa kufutwafutwa. Mtu akikaa kwenye stuli, tundu linakuwa sawa na jicho lake.

Binti aliweka jicho.

Nilisikia soko chini, watu wanaitana bei. Kisha akajisogeza pembeni bila kunitazama, nami nikachungulia. Kutoka tunduni huoni soko, wala barabara. Unaona mapaa mawili, pengo kati yake, na ndani ya pengo hilo mlango mmoja na kibaraza kimoja, karibu kiasi kwamba niliweza kuona futi yangu niliyoisahau juu ya saruji.

"Nilikuwa naitazama hii saa," alisema. "Kila siku, Dada. Kumbe nilikuwa namtazama yeye usoni."

Nilikuwa na maswali kumi. Kwa nini hakumwambia? Alikwangua lini? Sikuuliza hata moja, na wanaonijua hawataamini.

"Mama Redio hakusema kitu," binti alisema tena, kwa sauti ndogo sana kwa mwalimu. "Maskini yule mama. Hakuwahi kusema kitu." Akalia pale pale, akiwa ameukumbatia ule mpini wa chuma kifuani.

Siku ya Ijumaa tulikaa watu watano kuzunguka meza: daktari, mwenzangu wa viungo, mimi, binti, na mzee katika koti lake lililofungwa vifungo vyote. Nilisimulia yote. Nilibandika michoro dirishani, nikawatoa nje mmoja mmoja wakaitazame kwa nyuma. Daktari alikaa kule nje muda mrefu kuliko wote. Aliporudi alivua miwani, akaipangusa.

"Nafuta zile sifuri," alisema. "Na nitamwomba mzee radhi mbele yenu, maana kosa ni letu. Mzee, tuwie radhi."

"Ndiyo," mzee akasema.

"Mmeona?" Daktari alituelekea, na uso wake haukuwa wa ushindani, ulikuwa wa huzuni. "Saa imejibika. Lakini hilo neno je? Anaishi peke yake. Jirani akigonga akauliza, Mzee, una maumivu? Ndiyo. Huna? Ndiyo. Niite gari la hospitali? Ndiyo. Nisiite? Ndiyo. Sijui kama anatuelewa, na nisipojua siwezi kutia saini. Niambieni mnataka nifanye nini."

Nilifikiria ule mkono ulioifunika karatasi, lakini mkono mmoja si ushahidi wa kumrudishia mtu ufunguo wa nyumba. Nilimtazama mzee. Alikuwa anamtazama daktari kwa yale macho yake makavu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaogopa.

Binti ndiye aliyesogeza kiti. Akakaa mbele ya baba yake, magoti yakigusana, akaushika mkono wa kulia, ule uliolala.

"Baba, nimepanda juu."

"Ndiyo."

"Nimeliona tundu."

Mzee aliinamisha macho.

"Ulikuwa unaniona pale kibarazani?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Ndiyo."

"Hata siku niliyovunja mtungi wa mama, nikafukia vigae pembeni ya kibaraza?"

"Ndiyo." Upande mmoja wa mdomo wake, ule mzima, ulipanda kidogo.

Daktari alinitazama juu ya meza, akainua nyusi. Ndiyo nne mfululizo. Nami nilikuwa nazihesabu.

Binti alivuta pumzi. "Na Mama Redio, Baba. Yeye ndiye aliyekuwa anakuambia?"

Mzee alifungua mdomo. Neno lake lilikuwa tayari pale. Tuliliona, ulimi ukigusa meno ya juu kulianza. Akafunga mdomo. Akaufungua tena, likataka kutoka lile lile, akalirudisha. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mkono wa kushoto ulishika ukingo wa meza mpaka vifundo vikabadilika rangi, na hakuna mtu hata mmoja kati yetu aliyemsaidia, kwa sababu hatukujua tumsaidie nini.

"Ha," alisema. "Ha. Ha-pa-na."

Wiki sita alikaa kwetu, na hatukuwahi kulisikia. Mwenzangu wa viungo aligeuka akatazama ukuta. Binti alikuwa amefunika uso kwa kiganja kimoja, kingine hakikuuachia mkono wa baba yake.

Daktari alivaa miwani. Alilivuta faili, akakata mstari mmoja, akaandika juu yake, na alivyokuwa akiandika alisoma kwa sauti, kama anavyofanya siku zote ili mgonjwa asikie: "Nyumbani. Mazoezi ya kusema mara tatu kwa wiki. Kengele mlangoni. Mtu wa kumpitia asubuhi na jioni." Akatia saini.

"Mzee, umesikia?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

Binti alijifuta macho kwa mkono wa gauni, kama watoto anaowafundisha. "Baba," alisema, "kesho kabla sijarudi nitakwenda makaburini kwa Mama Redio. Nina maneno ya kumwambia. Unataka twende wote?"

"Ndiyo," alisema mzee, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili.